Mwanamke Niliyesema Simjui

Beechmont, Louisville
Tarehe 9 Aprili

Kwako dada yangu mkubwa mpendwa, yaya Nsimire,

Nakusalimu sana, wewe na shemeji Anicet na watoto wote. Mmeamkaje huko Buffalo? Mama aliniambia theluji ilifunga mlango wenu mpaka shemeji akatokea dirishani na koleo mkononi, na mama akacheka hadi akashika mbavu. Natumaini sasa imeyeyuka na kile kikohozi cha mtoto kimeisha. Sisi huku tuko. Mama anameza dawa yake ya presha bila kusukumwa, goti linamsumbua akipanda basi, lakini kanisani hakosi. Mimi mwilini sina ugonjwa.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu zipo. Lakini wewe mwenyewe unaijua simu ya mama: akipiga anaweka sauti ya nje, sebule nzima inasikiliza. Nami nikikutumia ujumbe, watoto wako ndio wanausoma kwanza. Donc nimenunua bahasha. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Habari ya uchumba wangu na Séphora kuvunjika umekwisha kuisikia, na najua ulimpigia simu ukamwambia maneno makali. Nitafika hapo. Ila lazima nianzie Columbus, kwa sababu mambo yalianzia huko.

Unakumbuka mwaka jana kampuni ilinitoa kwenye ghala la Okolona, ikanituma Columbus kufundisha watu kuendesha foklifti katika depo mpya. Nilikaa kule miezi saba. Mwezi wa nane mzee mmoja wa watu wa milimani, wa Kivu ya Kusini, alifariki, na matanga yakafanyika katika ukumbi wa kukodi. Nilienda kama tunavyoendaga, nikasaidia kupanga viti. Nje, karibu na mlango, alisimama mwanamke mmoja mrefu, amevaa kitenge cha buluu. Aliingia upande wa wanawake, hakuna aliyemsogezea nafasi. Akageuka upande wa wanaume, mmoja akamwonyesha mlango kwa kidevu. Marehemu alikuwa mjomba wake kabisa, na yeye alikuwa analia akiwa amesimama karibu na magari. Nilimpelekea kiti. Kisha nikaona haya kumwacha, nikachukua kiti changu nikakaa naye.

Jina lake Kirezi. Anafanya kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Ni mtu wa maneno machache, lakini akicheka anageuza uso pembeni kana kwamba kicheko ni kitu cha kuiba. Tulipokutana mara ya tatu, tukinywa chai kwake, aliniambia niweke kikombe chini kwanza.

“Mbele hujaanza kunipenda, ujue,” akasema. “Siku nilizaliwa, waliandika mutoto mwanaume. Miye sikukuwa huyo mutoto.”

Yaya, sikukimbia. Lakini nisijisifu. Niliangalia chai mpaka ikapoa. Yeye akaendelea kunieleza polepole, kama anavyowaeleza wazee wake dawa zao. Kwamba alijijua tangu hajaanza shule. Kwamba ni mwaka wa tatu sasa anatumia dawa za homoni: kidonge kimoja cha kuyeyusha chini ya ulimi asubuhi na jioni, kingine cha kupunguza homoni ya kiume. Ngozi ilibadilika, mpaka jasho likabadilika harufu. Hata huzuni ilibadilika njia, alisema. Zamani ilikuwa inafika kooni na kukwama hapo siku nyingi, sasa inatoka kwa macho na kwisha. Nikamuuliza kama ni kidonge ndicho kilifungua hayo machozi. Akasema hajui. Labda ni kidonge, labda ni kwa sababu ameacha kujificha, na daktari wake mwenyewe hawezi kuvitenganisha.

Jina alilopewa utotoni sijui, na sijamuuliza.

Nilirudi chumbani kwangu nikajitazama katika kioo cha bafuni kama mtu anayetafuta kidonda. Nilijiuliza mimi ni nani sasa, mtu aliyebatizwa, kiongozi wa waimbaji wa korali, ambaye moyo wake unaruka simu ikiandika jina la Kirezi. Nilikaa wiki nzima bila kumpigia. Baadaye nikampigia, nikamwambia hayo hayo. Akaniuliza, nikimtazama ninaona nani. Nikasema ninaona mwanamke. Akasema basi amechoka, sina la kumuuliza tena, nimletee ndizi za kupika.

Tukaendelea hivyo, yaya. Sijawahi kuwa na amani kama ile ya jikoni kwake. Lakini kila nilipotoka pale nilikuwa naanza kutafuta maneno ya kumwambia mama, na sikuyapata.

Mwezi wa kumi na moja chuo kikuu kimoja kilitafuta watu kama yeye kwa ajili ya utafiti wa ubongo. Kirezi akakubali, nikampeleka kwa gari. Walimlaza katika mashine ile iliyo kama pipa kubwa, inayogonga kama watu wanaopiga mabati. Humo ndani wakamwonyesha picha za nyuso za watu, wengine wanacheka, wengine wana hofu, wengine wamekasirika, ili waone ubongo unafanya nini. Alipotoka akaniambia zile za kukasirika hazikumpa shida, alikwisha kuziona zote kwenye matanga.

Mimi nilikuwa na matumaini makubwa kwa ile picha, na sikumwambia. Nilifikiri watatupa karatasi yenye mhuri, niiweke mezani mbele ya mama na mchungaji Rutebuka, niseme angalieni, ubongo ndivyo ulivyo, Mungu ndiye aliumba, mimi sina kosa. Mtafiti alikuwa mama mmoja mpole. Nikamuuliza kama picha inaonyesha kwamba Kirezi ni mwanamke. Akanijibu bila kunidharau. Alisema ukikusanya watu wengi na kutafuta wastani, unaweza kuona tofauti ndogondogo, lakini hakuna anayeweza kuchukua kichwa cha mtu mmoja na kusoma humo mwenyewe ni nani. Akasema ubongo wa kila mmoja wetu ni mchanganyiko, na tena homoni zenyewe zinaugusa. Nikamuuliza habari ya mtu anayempenda mtu kama huyo, kama na yeye kuna mahali katika kichwa panapoonyesha. Akatabasamu, akasema yeye hachunguzi hilo, na anaona mapenzi hayajapata ramani.

Ndani ya gari Kirezi alifunga mkanda, tukavuka taa tatu. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, “Ulitaka cheti. Miye niko Kirezi hata kama ile mashine ingekufa umeme. Weye ndiye unaogopa.”

Alisema kweli. Nilijitetea, lakini alisema kweli.

Nikarudi Louisville kabla ya Noeli, nikiwa nimemwahidi kwamba nitazungumza na mama ndani ya mwezi mmoja. Bon, nilipofika nikakuta mama na wazazi wa Séphora, msichana wa korali yetu, wamekwisha kupatana nimwoe. Mama alikuwa anaimba akiosha vyombo. Alisema tangu tutoke kwetu Kavumu hajawahi kuomba kitu akakipata haraka namna ile. Nilitaka kufungua mdomo, akaniwekea chakula. Nilitaka tena Jumapili, mchungaji akatutangaza mbele ya watu wote, wakapiga makofi, nikasimama na kuinamisha kichwa kama mtu mwenye furaha. Wakanipima suti. Wakachagua vitenge. Kila siku kilikuja kitu kidogo cha kukubali, na kila kimoja kilikuwa kidogo mno hata nikaona haya kukikataa. Kirezi nilikuwa nampigia nikiwa ndani ya gari, kwenye maegesho ya ghala, saa ya mapumziko ya chakula, vioo vimefungwa. Sauti yangu ilikuwa inajaa mle ndani na kunirudia. Nilimwambia asubiri. Hakunigombeza. Aliacha tu kuniuliza.

Sasa, dada yangu, nakuomba uendelee kusoma bila kuitupa karatasi.

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa pili Kirezi alikuja. Alipanda basi tokea Columbus ili anisikie nikiimba, basi, hakutaka kingine. Baada ya ibada nilikuwa mlangoni na mama na Séphora, tunaaga watu. Akaja katika mstari, amevaa koti lake la kijivu, akaninyooshea mkono, akasema, “Aganze, Bwana asifiwe.” Mama akaniuliza huyu ni nani.

Nikasema, “Simjui. Labda ni mgeni wa mtu.”

Nilisema kwa sauti nzuri kabisa, kama ninavyotangaza namba ya wimbo. Kirezi akarudisha mkono polepole. Akamwambia mama samahani, amenifananisha na mtu mwingine. Akanifunika aibu, yaya, nikiwa nimetoka kumkana sasa hivi. Akateremka ngazi kuelekea kituo cha basi, na wewe unajua Jumapili mabasi huku ni machache.

Mimi sikumfuata. Aliyemfuata ni Séphora. Alisema anampeleka mgeni asipotee, akasimama naye kituoni katika baridi mpaka basi likaja. Walichozungumza sijui mpaka leo.

Kesho yake, saa ya mapumziko, Séphora alikuja Okolona, akagonga kioo cha gari langu. Akaingia, akaniuliza yule ni nani wangu. Nikamwambia kila kitu, hata ile ya chuo kikuu. Alilia kidogo, kisha akajipangusa kwa mkono wa koti. Akaniambia hawezi kuolewa na mtu ambaye hayupo. Kisha akasema hataki yule dada atupwe mdomoni mwa watu, kwa hiyo yeye ataenda kusema kwamba amebadili mawazo, anataka kusoma uuguzi kwanza, na asiulizwe zaidi.

Nami nikakubali. Hilo ndilo nililotaka kukuungamia. Nilikubali upesi, hata sikusema acha kwanza nifikiri.

Kwa hiyo Séphora hakuvunja uchumba kwa kiburi, kama mlivyoambiwa. Wiki tano amebeba aibu yangu. Baba yake hamsemeshi. Katika korali wamemtoa mstari wa mbele. Wewe ulimwita mtoto asiye na shukrani, naye hakujibu. Mimi je? Mimi, akina mama wa kanisa walikuwa wananiletea sombe na samaki, wananishika bega, wananiambia Mungu atanipa mwema zaidi. Nilikula kile chakula. Nilikuwa nakaa kitandani mlango umefungwa, nasikia mama sebuleni anamlaani Séphora katika sala kila asubuhi, na kila amina yake ilikuwa inanifungia mle ndani.

Ijumaa iliyopita kikundi cha maombi kilikutana kwetu. Mama akaomba Bwana amlipe yule msichana kwa alivyomtenda mwanawe. Nikatoka chumbani. Nikawaambia Séphora hana kosa lolote, kosa ni langu, kwamba ninampenda mwanamke mwingine wa Columbus, na alipokuja hapa nilimkana mlangoni pa kanisa. Mmoja akauliza ni nani, wa ukoo gani. Nikasema jina lake Kirezi. Zaidi ya hapo sikusema, kwa sababu si langu kulisema. Wakafunga Biblia zao mmoja mmoja, wakaondoka. Mchungaji alinipigia Jumamosi, akanisimamisha kuongoza korali.

Walipokwisha kutoka, nilingoja mama apige kelele. Hakupiga. Alikaa kwenye kochi, akasema, “Nilijua tangu mwezi wa kenda.”

Mtu wa Louisville alikuwa kwenye yale matanga, aliona nilivyokaa na Kirezi, akaja kumweleza mama kila kitu, na ya mwili wake pia. Ndiyo maana uchumba ulikimbizwa vile. Na pale mlangoni, mama hakuniuliza kwa kutojua. “Nilikupima,” akasema. “Ukasema humujue, roho yangu ikafurahi sana. Kisha nikamuona yule mutoto anashuka ngazi peke yake. Toka ile siku nikila, chakula hakipite.”

Nikakaa chini karibu na miguu yake. Hakuniwekea mkono kichwani, lakini hakuniondoa. Akasema hamtaki Kirezi nyumbani mwake, nisimdanganye kwamba atamtaka kesho. Na akasema nisimwambie tena uongo. Hayo mawili aliyasema kwa pumzi moja. Ananipikia. Anafunika sahani, anaiacha mezani, anaingia kwake.

Kirezi nilimwandikia usiku huo huo. Alinijibu baada ya siku mbili. Amesema amesikia, na kwamba nisimtumie mtu wa kumwombea msamaha kwa niaba yangu, hata wewe. Nikimtaka, njia ya Columbus naijua, lakini yeye haahidi kufungua. Nilimuomba ruhusa ya kukueleza habari zake, akakubali, akasema afadhali uzisikie kwangu kuliko mahali pengine. Basi nakuomba zibaki kwako.

Usiniambie nije Buffalo. Najua utasema. Ningekuja, ningekuwa nimehamisha tu kile chumba nilichojifungia. Jumamosi nina nafasi kazini, nitaendesha kwenda Columbus. Mama nimekwisha kumwambia. Alisikia, akaenda kumwagilia maua yake.

Jambo moja tu nakuomba, yaya. Mpigie Séphora. Usimweleze mengi, mwombe radhi kwa yale maneno, na umwambie ni mimi niliyekuandikia. Kwake nyumbani nilikwenda jana, nikazungumza na baba yake nikiwa nimesimama mlangoni, maana hakunikaribisha. Alinisikiliza hadi mwisho. Nilipogeuka kuondoka nikamsikia anamwita binti yake kwa jina.

Nisalimie shemeji, nibusie watoto, na ujifunike vizuri asubuhi ukingoja basi la kazini. Mungu akulinde na nyumba yako yote. Ukiwa na hasira nami, niandikie hivyo hivyo na hasira yako. Nitaisoma.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Aganze Nshombo