Neno Nililomwandikia Baba Mdogo

Mama,

Tangu turudi Makongeni kutoka kukuzika Bungoma, watu wananizungumzia kana kwamba sipo. Kiharusi kiliniachia macho tu, na wewe ndiye uliyejua kuyasoma. Wageni wakikuuliza kama nimekula, uliwafokea: "Muulizeni mwenyewe, masikio anayo!" Sasa nani awafokee?

Ile kofia ya nyaya ya kule chuoni sikuiacha. Unakumbuka ilivyotutesa? Nawaza kusogeza mkono, kompyuta isome wazo hilo ichague herufi, nayo ikachagua upuuzi mtupu. Ulicheka, ukasema inaandika kama mlevi. Ulipofariki, Daktari Wanjiru alijaribu njia nyingine. Kabla ya mazoezi ananipitishia umeme mdogo sana kichwani, juu ya ngozi, kuuchangamsha upande wa ubongo unaosogeza mkono. Unawasha kama siafu. Hakuniahidi kitu, alisema wengine hauwasaidii. Mimi umeme huo umenisaidia, Mama. Polepole, wiki baada ya wiki, kompyuta ikaanza kunielewa.

Baba Mdogo aliposikia habari za umeme, akaja mbio kutoka Bungoma. Akasimama kando ya kitanda changu, akamwambia Naliaka, "Wanamchoma dada yako ubongo. Jumamosi naondoka naye." Naliaka akalia. Mimi nikapepesa macho hadi yakauma. Hakunitazama hata mara moja.

Naliaka alimwomba jambo moja tu: aje chuoni aone kwanza. Akaja, koti hakuvua. Nikavishwa kofia, siafu wakatembea, nikaanza. Nikakosea. Nikafuta. Nikaanza tena.

SIENDI.

Akalisoma kwa sauti, kisha akamgeukia Daktari. "Nani ameandika hii?"

Nikaandika: MIMI.

Mama, alitafuta kiti akaketi. Hakuomba msamaha. Amerudi Bungoma peke yake, na huko anasema nimeharibiwa na mashine. Na aseme. Kesho nina mazoezi, na keshokutwa pia, na siku mashine ikinikataa nitarudi siku inayofuata.

Barua hii nimeiandika herufi moja moja, kwa hiyo usinune ikiwa fupi. Nimekukosa, Mama. Nimekukosa vibaya sana.

Lala salama. Nitakuja kaburini kwako, nakuahidi. Lakini siku nitaichagua mimi.

Binti yako,
Nekesa