Ufuta wa Mistari

Mjukuu wangu Hamisi, mume wangu uliye Morogoro,

Hapa Mandawa tu wazima. Mjomba wako ameezeka bati, na mikorosho imeanza kutoa maua.

Umeniuliza, kwa utani najua, kama nimewahi kuiona hiyo S mnayochorewa darasani, ya jinsi watu wanavyopokea jambo jipya, inayotambaa chini, ikapanda ghafla, kisha ikalala juu. Nimeiona, tena shambani.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, kila mtu alikuwa akipanda ufuta kwa kumwaga mbegu. Mimi, bibi arusi mgeni, nikamwomba mama mkwe shamba lake, nikapanda kwa mistari, kwa kamba, kama bwana shamba alivyotuonyesha. Wapita njia wakaniuliza napima makaburi ya nani. Na tegemeo la nyumba nzima lilikuwa humo.

Palizi ikawa nyepesi. Siku ya kugeuza matita ya mabua makavu na kukung'uta, ufuta ulijaa jamvini mpaka ukamwagika pembeni. Msimu uliofuata aliniiga shoga yangu peke yake. Baadaye kamba zikaadimika dukani, kila mtu anataka mistari. Mwishowe wakabaki wazee wakaidi wachache, na S yako ikalala. Baiskeli na redio ziliingia hapa hivyo hivyo.

Kwa hiyo mwalimu akiichora, usihangaike na pale inapopanda, pale wapo wengi. Weka kidole chini kabisa, inapoanzia. Hapo ndipo aliposimama bibi yako, kamba mkononi.

Somoe