Boti ya Mwaka Huu na Boti ya Mwaka Juzi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai unaendelea vizuri, kwamba lile daraja lenu limefika ng'ambo bila wakubwa kubadilisha ramani tena, na kwamba goti halikusumbui sana kwenye ngazi. Watoto je? Mkubwa bado anajifungia chumbani na gitaa lake, au majirani wameshakuja kulalamika? Sisi huku hatujambo. Mke wangu anaendelea kung'oa meno ya watu na kuwatoza kwa furaha. Mama mkwe amehamia chumba cha chini, anadai ngazi zetu zilijengwa na mtu aliyekuwa na kinyongo naye. Mwanangu Bata amerefuka hadi suruali zake zote zimekuwa kaptula. Mimi nipo na mitambo yangu ya kuchapa. Wiki hii ni kalenda tupu, na hata chai ya kiwandani inanuka wino.

Najua utashangaa kupata barua wakati juzi tu tuliongea kwa simu. Kuna jambo ambalo sikuweza kulisema kwa simu, na linakuhusu wewe na watoto wako, kwa hiyo tafadhali usiisome hii huku unasimamia zege. Ila lazima nianze na boti, maana jambo lenyewe lilinifikia kwa njia ya boti.

Unajua mchezo wa Bata. Anafunga miguu kwenye ubao, anashika kamba, boti inamvuta, naye anaruka juu ya mawimbi ambayo boti yenyewe inayaacha nyuma. Tangu aanze, mwendeshaji ni mimi. Hataki kuvutwa na mtu mwingine. Anasema baba anajua mwendo wake bila kuambiwa, na sitakuficha, maneno hayo yamenivimbisha kichwa miaka yote hii. Tulikuwa tunakodi boti kwenye klabu ya ziwani. Klabu ilipoacha kukodisha, tuliketi mezani, tukakubaliana tununue ya kwetu, boti ya familia, tudumu nayo hadi Bata atakapotutelekeza na kwenda kuishi maisha yake.

Muuzaji wa boti ni bwana mmoja mnene, mcheshi, ambaye kila sentensi yake inaanza na "na tena". Na tena viti ni vya ngozi, na tena mnara wa kamba unakunjika. Bata akambatiza jina papo hapo: Bwana Na Tena. Alikuwa na boti mbili za aina moja zimeegeshwa ubavu kwa ubavu kwenye gati lake. Moja ni modeli ya mwaka huu. Nyingine ni ya mwaka juzi, mpya kabisa, haijaguswa, imebaki tu dukani kama binti mzuri mwenye masharti mengi. Bei zilikaribiana, kwa kuwa alikuwa anampa mke wangu punguzo kwa matumaini ya kutibiwa jino.

Tulizichunguza kama watu wanaotafuta nyumba ya kupanga. Mama mkwe alikalia kila kiti, akapima kivuli cha turubai, akatangaza kwamba ya mwaka huu ina kivuli cha watu wenye adabu. Mke wangu alipenda matangi ya maji yaliyo chini ya sakafu. Kwenye mpya yanajaa upesi, boti inakuwa nzito, wimbi linakuwa refu. Bata alipanda juu ya mnara, akashushwa. Kitu kikubwa walichobadilisha ni pale mbele ya dereva. Ya mwaka juzi ina saa za kawaida, zenye mishale, zimepangwa nyuma ya usukani, zinakutazama usoni. Ya mwaka huu wameziondoa zote wakaweka skrini moja kubwa ya kugusa, imekaa kushoto kwa usukani, ili hata abiria aweze kuichezea.

Bwana Na Tena alituruhusu tuzijaribu majini. Tulianza na mpya. Niliwasha injini, tukatoka taratibu, nikatafuta mwendo wetu ni kiasi gani, nisiuone. Nikamwambia skrini yake imezima. Alicheka hadi tumbo likatikisika, akaniambia mimi ni mtu wa mzaha tu. Mke wangu naye akacheka. Niligeuza shingo, nikaikuta skrini inawaka kama duka la vipodozi. Basi na mimi nikacheka, nikajifanya nilikuwa natania kweli. Lakini ndani nilijisikia vibaya, kwa namna ambayo sikuweza kuieleza.

Bata alipoingia majini na kamba ikakazika, nilikuwa nageuza shingo kila mara kuangalia skrini, narudi mbele, natazama kioo cha nyuma, nageuka tena. Katikati ya kugeukageuka huko mke wangu akapiga ukelele. Kulikuwa na mtumbwi mdogo wa plastiki, una watu wawili wenye kofia, unatujia upande wa kushoto, na mimi sikuwa nimeuona kabisa. Nilikata usukani, Bata akaachia kamba akazama, akaibuka anacheka akidhani nimemfanyia makusudi. Watu wa mtumbwi walinitukana kwa haki yao. Niliirudisha boti gatini polepole.

Siku hiyo nikatoa hukumu: skrini ni ya hatari, inamtoa dereva macho njiani, tununue ya mwaka juzi. Dada, tuligombana nyumba nzima kwa upole, ile namna yetu ya kugombana huku tunapitishiana chumvi. Mke wangu alisema kila mtu anaendesha gari lenye skrini siku hizi na hajamgonga mtu. Mama mkwe alisema mimi nina mkono wa birika, kwamba natafuta kisingizio cha kuokoa hela kiduchu. Bata alisema nimezeeka. Nikaona afadhali waniite bahili, wala sikubisha. Nikaenda kwa Bwana Na Tena kumwambia anitengee ile ya zamani, na kwa kuwa ni mtu mwema, akasema niijaribu kwanza niwe na uhakika, akanipa funguo nikatoka nayo peke yangu.

Nilifurahi sana mwanzoni. Mishale yote ilikuwa mbele yangu, naiona bila kuhangaika. Nilizunguka ghuba naimba. Kisha nikasikia kishindo ubavuni, kitu kinakwaruza fiberi ya boti, na boya kubwa la rangi ya machungwa likapita nyuma yangu linayumba. Boya, dada. Limefungwa pale na mamlaka ya ziwa ili hata mlevi alione. Lilikuwa kushoto. Nilizima injini nikakaa pale nimeshika usukani, maji yananipigapiga, na kwenye boti ile hakukuwa na skrini ya kusingizia. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Niliwaza kwamba lile boya lingeweza kuwa kichwa cha mtoto wa mtu.

Kesho yake nilienda kwa daktari wa macho bila kumwambia mtu. Ni dada mmoja mpole, ana sauti ndogo. Aliniweka kidevu kwenye mashine, akaniambia nitazame nukta ya katikati na nibonyeze kitufe kila nikiona kimwanga pembeni. Nilibonyeza weee, kisha vimwanga vikaacha kuja. Nikamwambia mashine yako imekwama. Akaniambia haijakwama.

Ni presha ya macho. Ameeleza kwamba inakula uwezo wa kuona kuanzia pembeni, polepole mno, haiumi, haiwashi, na mtu hajui kwa sababu katikati anaona safi kabisa. Ndiyo maana nasoma herufi ndogo za kalenda bila taabu na siuoni mtumbwi. Macho yote mawili yameguswa, la kushoto zaidi. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa matone, nami nayatia kila siku kama mtu anayekula kiapo. Alinikataza kuendesha boti, na gari pia. Nililia ndani ya choo cha hospitali kama mtoto.

Mke wangu nilimwambia jioni ile ile. Nilidhani atanigombeza kwa ule mtumbwi. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, ile mikono inayong'oa magego, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kama dereva ni yeye basi boti atachagua yeye, na yeye anataka ya mwaka huu. Mama mkwe aliposikia habari zote aliomba radhi kwa lile neno la birika, akaongeza kwamba hajalifuta, ameliahirisha tu.

Basi tumenunua ya mwaka huu. Mke wangu anaendesha kwa mkono mwepesi kuliko wangu. Inaniuma kuandika hivyo lakini ni kweli. Nilikuwa na hofu ya Bata, kwamba atakataa. Siku ya kwanza alisimama gatini na ubao wake kwapani, ananitazama mimi, anamtazama mama yake. Akauliza mimi nitakaa wapi. Nikamwonyesha kile kiti cha mwangalizi, kinachotazama nyuma, cha mtu anayemchunga aliye kwenye kamba. Aliruka siku hiyo mpaka akachoka. Na mimi, ambaye miaka yote nimekuwa nikimwona kwenye kioo kidogo kama bahasha, nilimwona mwanangu mzima mzima, yuko juu hewani, magoti kifuani, ananicheka. Alipopanda botini aliniambia kwamba zamani alikuwa akishuka ananisimulia alichofanya, na sasa hana haja.

Sasa jambo lenyewe, dada.

Daktari aliniuliza kama kuna mtu nyumbani kwetu aliyekuwa na ugonjwa huu. Nikasema hapana. Akaniambia unatembea katika familia, mara nyingi bila kujulikana, na ndugu wa mgonjwa ni wa kwanza kupimwa. Kisha akauliza kuhusu wazazi, kama kulikuwa na mtu wa kujigongagonga. Hapo kumbukumbu zikanijia. Nilimwona baba yetu anapita mlangoni na bega la kushoto linagonga mwimo, kila siku, hadi rangi ya pale ikatoka. Nilimwona anakwenda sokoni na watu wanamsalimia kutoka pembeni, naye anapita, na mtaa mzima unamwita Bwana Maringo. Nilimkumbuka kwenye benchi la uani, lazima akae mwisho kabisa wa kushoto ili sote tuwe kulia kwake, na sisi tulidhani ni ukubwa.

Ndiyo maana sikupiga simu. Nikimtaja baba kwenye simu unaniuliza hali ya hewa. Sikulaumu. Najua ni siku gani uliacha kuzungumza habari zake, kwa sababu nilikuwepo. Ni siku yako ya kuhitimu, ulipokuwa mwanamke pekee wa darasa lenu la uhandisi. Ulishuka jukwaani na joho lako, ukapita katikati ya viti hadi tulipokuwa, ukamnyoshea baba mkono mbele ya wenzako wote. Yeye akaendelea kutazama jukwaa. Ukauacha mkono pale, halafu ukaurudisha. Uliniambia baadaye kwamba mzee aliona aibu kuwa na binti wa kupima barabara na wanaume, na hukutaka kusikia lingine. Hata mazikoni ulisimama mbali.

Mimi nilikuwa nimekaa kulia kwake, dada. Muda ule ule alikuwa ameushika mkono wangu, anaubana hadi vidole vikaniuma, ananiuliza mbona huji, umepotelea wapi, anakutafuta pale jukwaani kwa macho. Nilikuwa mdogo, nilidhani anafanya makusudi. Nikaficha neno hilo kwa sababu niliona litakuumiza zaidi. Baba hakuwahi kupimwa, kwa hiyo siwezi kuapa kitabibu. Lakini nimekaa kwenye mashine ile, najua sasa ilivyo. Wewe ulisimama kushoto kwake. Mkono wako hakuukataa. Hakuuona.

Naomba nenda ukapimwe wiki hii, uwapeleke na watoto, hata kama unaona vizuri. Hasa kama unaona vizuri. Mimi pia nilikuwa naona vizuri. Usiniambie una daraja. Daraja litasubiri.

Mke wangu anakusalimu sana na anasema uje na nguo za kuogelea. Mama mkwe anakusalimu na anauliza kama wahandisi wanaweza kurekebisha ngazi. Bata anawasalimu binamu zake, na amesema nafasi kwenye boti ipo. Wabusu wote kwa niaba yangu, nami nasubiri neno lako.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba