Mama Magdaline Alupo na Tanuri la Kichuguu

Mwaka umezunguka, Mama, tangu asubuhi ile ya Aprili 1977 ulipotutoka. Uliacha unga umekandwa na kufunikwa kitambaa. Kufikia jioni, nyumba ikiwa imejaa waombolezaji, unga ulikuwa umefura mpaka ukamwagika mezani, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuugusa.

Watu wa Adungosi wanakukumbuka kwa mkate. Kuoka ulijifunza kwa masista wa misheni ulipokuwa msichana wa kuwafulia nguo, lakini tanuri lilikuwa akili yako mwenyewe. Ulichukua jembe ukachimba tumbo la kichuguu kilicho nyuma ya nyumba, kile ambacho mchwa walikuwa wamekihama, ukawasha kuni ndani mpaka udongo ukakauka kama tofali. Baba alinung'unika msimu mzima. Kichuguu kilikuwa cha babu yake, na bado alitumaini kwamba mvua ikinyesha vizuri kumbikumbi watatoka tena, awakaange kwa chumvi. "Umechoma kitoweo changu," alikuwa akikwambia, huku mdomo umejaa mkate.

Daktari alipomwambia Baba kwamba ana ugonjwa wa sukari, alirudi nyumbani akajikunja kwenye kiti kama mtu aliyesomewa hukumu. Hukumhubiria. Ulianza kuchanganya wimbi na simsim kwenye unga wa ngano, ukampunguzia sukari ya chai kidogo kidogo bila kumwambia. Kisha ukamtuma mtoni kila alfajiri akakuletee maji ya kukandia, ukidai kwamba maji ya kisima yanaharibu hamira. Baba akabeba ndoo yake kwenda na kurudi, akijigamba njiani kwamba bila yeye hakuna mkate Adungosi. Maji yale ulikuwa ukiyamwagia mboga. Mimi na ndugu yangu Emukule tuliona, tukanyamaza.

Na jioni, kabla hujamkatia mtu kipande, ulikuwa na swali lako: "Leo kizuri ni nini?" Hukuwa mtu wa kusema mambo ni sawa wakati si sawa. Ulilia ulipotaka kulia, na kuku wakiingia jikoni ulitukana vizuri tu. Lakini ulisema siku isiyotajwa kizuri chake hata kimoja imeliwa bure. Siku Baba alipoachishwa kazi ya reli pale Malaba, alikuja mezani akasema, "Leo hakuna."

"Tafuta," ukamwambia.

"Magdaline, nimekwambia hakuna."

"Basi tafuta kidogo kidogo."

Alikaa, akaangalia dari, akaangalia mlango. Mwishowe akasema, "Mvua imeacha."

"Haya, kula."

Ulipoondoka, swali hilo hatukuliuliza tena. Lilikuwa lako. Na moto wako ulilala. Baba mkubwa Oriokot, ambaye ndiye mshika mila wa nyumba hii, alisema mbele ya watu wote: "Moto ya mama ya nyumba inalala mpaka mwaka iishe. Hapo ndio mwenye boma ataamua, awashe ama avunje."

Baba hakungoja hata matanga yaishe. "Nitavunja," akasema. "Nikiona hiyo mdomo ya tanuri, naona yeye ameinama pale. Siwezi."

Mwaka huo ulikuwa mgumu, Mama, hatutakuficha. Ndoo ilikaa imegeuzwa chini nyuma ya mlango. Vijiko vya sukari vilirudi kwenye chai, kimoja baada ya kingine, na tukimgusia anatuuliza tamu gani nyingine amebakiwa nayo. Chakula alikisogeza. Kidonda kikamtoka mguuni kikakataa kupona, na daktari akatuita pembeni akatuambia kwamba mtu huyu asipoinuka kwenye kiti kile tutampoteza naye. Tulimsihi, tukanuna, tukalia. Baba alitusikiliza kwa heshima zote, kisha akabaki pale pale.

Wiki iliyopita, mvua za Aprili zilipoanza, alichukua jembe akavunje tanuri, ili wageni wa kumbukumbu wasilikute. Baba mkubwa Oriokot alimfuata kuhakikisha kila kitu kinakwenda kimila. Walipofika nyuma ya nyumba, mdomo wa tanuri haukuonekana. Mchwa walikuwa wamerudi. Walikuwa wameuziba kwa udongo mpya, bado mbichi, ikabaki nafasi ya kuingiza ngumi tu.

Mama, hicho ndicho alichokuwa akikiomba miaka yote.

"Ndugu yangu, kumbikumbi yako imerudi!" Baba mkubwa alifurahi. "Wacha hivyo hivyo. Wamekumalizia kazi."

Baba aliuweka mkono wake juu ya ule udongo akakaa hivyo kwa muda, mpaka tukadhani mguu unamuuma. Baadaye alituambia kwamba mwaka mzima alitaka tanuri lisionekane, na sasa lilipokuwa halionekani alihisi umekufa mara ya pili. Akainua jembe. Hakulipiga tanuri. Alikwangua udongo wa mchwa, taratibu, kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria asiitoboe.

"Hii ni ya Magdaline," akawaambia mchwa. "Tafuteni nyumba ingine."

"Mwaka haijaisha!" Baba mkubwa akapiga kelele. "Siku bado!"

"Hawa mchwa waliuliza siku?"

Akamwambia Emukule apasue kuni. Nilipotaka kukanda alininyang'anya bakuli. Kisha akaigeuza ile ndoo iliyokuwa nyuma ya mlango.

"Baba, maji ya kisima iko hapa," Emukule akamwambia.

"Ya kisima inaharibu hamira."

Akaenda mtoni akichechemea, akarudi amelowa jasho. Akakanda, akatia unga kwenye mikebe yako ya mafuta ya Kimbo, akaiingiza tanurini juu ya makaa mekundu. Tulimwambia kwamba makaa hutolewa kwanza, mkate huiva kwa joto la udongo. Akasema tanuri ni la mkewe, hafundishwi. Hakujua, Mama, kwa sababu kila ulipokuwa ukiyatoa makaa yeye alikuwa akikusimulia habari za kumbikumbi.

Mkate ulitoka mweusi nje, mbichi ndani. Tukaketi mezani tukiutazama. Nikashika kisu, Baba akanizuia mkono.

"Ngoja kwanza. Leo kizuri ni nini?"

Emukule ndiye aliyeanza: "Baba ameingia jikoni." Tukacheka, na Baba mkubwa naye akacheka.

"Na wewe, Baba?" nikamuuliza.

"Nimeenda mtoni."

Tukaangaliana mimi na Emukule, na nafikiri uso wangu ulinisaliti, maana Baba akatikisa kichwa. "Mnafikiri sikujua alikuwa anamwagia mboga? Kila siku sukuma wiki imelowa, na mvua hakuna."

"Sasa mbona ulikuwa unaenda?"

Akakata kipande chake, akakipuliza majivu.

"Si alikuwa ananituma."

Sasa anakwenda kila alfajiri. Jumamosi hii, baada ya misa, wageni watakula mkate wako. Makaa tutayatoa kwanza.

Unakumbukwa na mumeo Omagor. Wanao Anyait na Emukule. Shemeji yako Oriokot, aliyekula vipande viwili huku akisema siku bado. Na dada zako walioko Tororo, ng'ambo ya mpaka. Kila jioni tutataja kizuri cha siku, na wewe tutakutaja kwanza, siku zote.