Stanley Bungey, Mhudumu wa Alcestia, na Siku Tuliyofua Shuka

“Anueni hizo shuka, Brenda. Meli inaondoka leo.”

“Anti Edie, hakuna wa nyumba hii anayesafiri. Baba amestaafu mwaka wa sita huu.”

“Mtu wa meli hastaafu. Na badala ya kufua, mngempeleka gatini.”

“Kwenye baridi hii, na kifua kile? Chunga kamba yako, Anti, nasi tuchunge yetu.”

Hayo ndiyo uliyoyasikia kutoka jikoni, Baba, binti yako na jirani yako wakirushiana maneno juu ya ukuta wa uani. Wiki tatu baadaye ukatutoka. Mwaka umezunguka, na bado tunatamani tungeyameza maneno yale.

Ulikuwa umeshavaa koti lako jeupe la kazini, vifungo umeving'arisha mwenyewe. Wahudumu wote wa zamani waliitwa waiage Alcestia kabla haijapelekwa kuvunjwa. Miaka ishirini na minane ulivuka nayo kwenda New York na kurudi, sahani nne kwenye mkono mmoja, bahari imechafuka, na mchuzi haumwagiki. Gatini ni dakika kumi kwa gari. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa aproni ya Brenda.

Mtaa wetu mzima ulikula kwa meli ile, na kila mke wa baharia alijua: siku ya kung'oa nanga hufui, usije ukamfulia mtu wako akaenda na maji. Mama aliishika desturi hiyo mpaka kufa kwake. Sisi tuliicheka.

Nyumbani ulitembea umetanua miguu, kana kwamba sakafu ingeinama wakati wowote. Chai ulimimina nusu kikombe, hata kwa mgeni. Mama akikusuta, “Stan, hapa ni nchi kavu,” ulijibu, “Nchi kavu nayo ina siku zake.”

Meli ikirudi, nyumba ilijaa watu mpaka ngazini. Watoto walipata peremende za Amerika, wakubwa walipata umbea. Nani atamsahau yule tajiri aliyempa mkewe chumba cha juu na kimada wake chumba cha chini, akapanda na kushuka ngazi hadi akateguka kifundo? “Wakamuuguza wote wawili, kwa zamu,” ulitwambia. “Na zamu nilizipanga mimi.”

Habari za abiria mmoja mjane aliyetapika siku nne melini hukuzisimulia. Tulizijua kwa kadi zake za kila Krismasi: kwamba ulikuwa ukimaliza kazi unakwenda kumlisha tufaha, kipande kimoja kimoja.

Honi ya meli ilipolia mara tatu, ulisimama ukashika ukingo wa meza. Hukutulaumu. Ulisema tu, “Sasa wanamfungua kamba,” maana meli ile uliitaja kama mtu siku zote. Baadaye, “Sasa anapinda rasi ya Calshot.” Kisha ukavua koti, ukalikunja. Brenda akakuuliza kama una njaa. Ukasema, “Hapana, mwanangu.”

Hatuamini kwamba shuka zilikuchukua. Daktari alisema ni moyo. Lakini ulitaka jambo moja tu, nasi tukakunyima.

Anti Edie alikuja makaburini, akasimama nyuma ya watu, wala hakufika nyumbani kunywa chai. Tangu hapo tunapishana naye njiani kama watu wasiojuana.

Wanaokukumbuka kwa mapenzi na majuto ni wanao Brenda, Keith na Maureen, dada yako Ivy, na wajukuu wako watano. Mezani kwetu haitapita siku jina lako lisitajwe.

Jumapili, baada ya ibada, tutakula nyumbani, nyama ya ng'ombe ya kuoka na viazi. Na wewe, Anti Edie, tunajua ukurasa huu wa tanzia ndio unaoanza nao kusoma gazeti. Brenda anakwambia mbele ya mtaa mzima: ulisema kweli, yeye ndiye aliyekosa. Mlango wa uani utakuwa wazi. Pita, keti, ule nasi.