Ule Mstari wa Kusubiri

Kemijen, Semarang
27 Novemba 2025

Mpendwa kaka yangu, Mas Lanang,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Hujambo huko Rotterdam, na kile kikohozi cha baridi kimekuachia? Sisi tu wazima. Goti la Mama linamsumbua kidogo, lakini bado anagombana na muuza tempe, ile soya ya kuchachusha, kila asubuhi, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Yanti, binti wa mama yetu mdogo, Bulik Sumi, amejifungua mtoto wa kiume. Wanasema ana masikio yako. Tunamwombea yapungue.

Sasa la ofisini. Najua tangu uache kazi hutaki kulisikia. Nikipiga simu, ukisikia neno pampu unakata. Ndiyo maana nakuandikia kwa baruapepe.

Unakumbuka Ijumaa zetu za bongkar, za kufumuafumua programu? Baada ya swala mmoja anaharibu nakala ya programu makusudi, wengine wanaifungua mpaka waone ilipoharibiwa, na atakayeshindwa anawanunulia wote vitafunio vya tahu petis. Zimekufa. Hakuna aliyezikataza, watu waliacha tu kuja. Siku hizi akili mnemba inaandika, na wenzangu wakiona alama ya kijani kwamba jaribio limepita wanakwenda nyumbani. Si wavivu, Mas. Hawana tu hamu ya kujua ndani kuna nini.

Mwezi wa nane waliisafisha ile programu yako inayoziamuru pampu za kutoa maji ya mafuriko mtaani kwetu. Ule mstari unaoifanya kila pampu isubiri kidogo baada ya mwenzake kuwaka, uliondolewa. Akili mnemba ilisema hauna kazi. Wewe hukuandika sababu yake. Enzi zile hapakuwa na haja. Kila aliyeuona angekuuliza. Waliijaribu kiangazi, pampu moja ikitosha, na mambo yakaenda sawa.

Tangu mvua zianze naandika kwenye shajara yangu jambo lile lile: pampu mbili zikiwaka pamoja, taa za mtaa mzima hufifia. Na ziko sita. Nilimwendea Gilang, mkuu wetu mpya, akanijibu:

"Mbak Ratri, taa ni za watu wa umeme. Kitu kinafanya kazi, wewe unakifukunyua cha nini?"

"Na siku pampu zote sita zikiwaka kwa mpigo, umeme utastahimili?"

"Niletee sababu, nitaurudisha leo hii. Wasiwasi wako siwezi kuuandika kwenye ripoti."

Mmoja akadakia, "Mwache, Mas Gilang. Mbak anataka kuolewa na pampu." Wakacheka, nami nikacheka nao.

Wiki ijayo mwezi utakuwa mpevu na bahari itapanda kuliko siku zote za mwaka huu. Nimemsihi Mama ahamie kwangu mlimani, hataki. Anasema pampu ni za mwanawe, hazitamwangusha.

Mas, niandikie sababu ya mstari ule, hata kwa sentensi moja, kabla ya Jumatano. Kama nimekosea, nawe unicheke. Tahu petis nitanunua mimi.

Bulik Sumi na Yanti wanakusalimu. Mungu akutunze ugenini, na amtunze Mama huku anakoishi chini ya usawa wa bahari.

Haya nimeyaandikia jikoni kwa Mama. Taa imefifia mara mbili nikiandika. Mama amesema ni pampu zinakuletea salamu. Tangu juzi haijanyesha hata tone, basi maji zinayoyavuta yanatoka baharini.

Mdogo wako akungojaye kwa mapenzi,
Ratri