Nilidhani Damu ya Mama Ina Nguvu

Alhamisi, Kiomboi. Upepo umejaa vumbi, hata mahindi niliyoanika uani yamebadilika rangi. Sijala tangu asubuhi.

Wiki tatu zilizopita nilimleta mama kutoka Ulemo aondolewe mtoto wa jicho. Kabla ya kupangiwa upasuaji walimpima damu. Majibu yalipotoka daktari hakuwepo, nikapewa karatasi, tukaambiwa turudi leo. Nikaisoma mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kazi hii imenizoesha kudhani najua.

Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zilikuwa zimezidi kiwango. Niliwahi kusikia watu wakihangaika zinaposhuka. Basi zikiwa nyingi nikaona ni heri.

"Mama, damu yako ina nguvu kuliko yangu," nilimwambia.

Alicheka. Alifurahi kweli.

Mstari mwingine ulionyesha ana upungufu wa damu. Huo niliuruka. Nilijiambia ni uzee, na ugali kwa mlenda kila siku.

Leo tumemkuta daktari, kijana mpole. Alimwamkia mama shikamoo, akasoma karatasi, akairudia, kisha akaweka kalamu chini.

"Mama, chembe hizi hupanda kwa sababu nyingi, wakati mwingine hata maambukizi ya kawaida. Ila zikipanda huku damu imepungua namna hii, lazima niulize damu inapotelea wapi. Choo chako kikoje?"

Mama alinitazama mimi kwanza.

"Cheusi, mwanangu. Kama masizi. Tangu tulipovuna alizeti."

Miezi mitatu!

Nilimuuliza mbona hakusema.

"Nilitaka kukuambia siku ile ya majibu. Uliposema damu yangu ina nguvu, nikajua hakuna neno."



Daktari aliuliza kuhusu dawa. Mama akataja vidonge vya magoti anavyonunua dukani, anavyomeza kila siku. "Viache leo hii. Huenda vimekutia vidonda vya tumbo," alisema. Akasita. "Au ni kitu kingine."

Hicho kitu kingine hakukitaja. Nami sikuthubutu kuuliza, mama akiwa ameketi pale. Daktari alimlaza kitandani, akambonyeza tumbo. Pahali pamoja, chini ya mbavu, alirudia mara tatu. Kisha akaandika barua ya rufaa: akapimwe tumbo kwa kamera kwenye hospitali kubwa, wiki hii hii. Jicho lisubiri.

Sasa mama anakunja khanga zake. Ameniuliza kama huko watamtibu na jicho palepale. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema ndiyo.

"Sijui, mama," nimesema.

Ameendelea kukunja.

Alfajiri tunaondoka. Nikifika mbele ya daktari wa huko, nitathubutu kumuuliza wiki tatu nilizompotezea mama zina maana gani?